Televisheni Ilipoingia Unguja

Ndugu msomaji, huenda ukadhani kuwa televisheni ya rangi iliingia pande zetu kwa mlango wa miji mikubwa. Sivyo. Iliingia kwa kisiwa cha karafuu. Mpango ulikuwa wa Mzee Abeid Amani Karume, naye aliuawa Aprili 1972 kabla hajauona ukitimia. Televisheni Zanzibar ikaanza mwaka 1973, zama za Aboud Jumbe, nayo hutajwa kuwa ya kwanza ya rangi kusini ya Sahara. Kenya, yenye televisheni tangu 1962, ilikuwa ingali katika nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini, na utajiri wake wote, haikufungua hadi Januari 1976.

Sasa tazama ajabu ya nchi moja. Kwa upande wa Bara, Mwalimu Nyerere aliiona televisheni kuwa ni anasa kwa taifa maskini, redio yatosha. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, tusiibeze. Lakini mawimbi hayaombwi pasipoti: waliokuwa na uwezo Dar es Salaam walisimamisha antena kuelekea baharini, wakaitazama Unguja, na jirani zao wakabaki na redio. Bara ilipofungua milango mwaka 1994, vituo vya mwanzo havikuwa vya serikali, bali vya matajiri.