Khedive Ismail

Khedive Ismail ilikuwa meli ya abiria iliyozamishwa katika Bahari Hindi tarehe 12 Februari 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Iliundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile na kuitwa Aconcagua. Mwaka 1935 ilinunuliwa na kampuni ya Misri, ikapewa jina la mtawala wa zamani wa nchi hiyo. Mwaka 1940 serikali ya Uingereza iliichukua isafirishe askari.

Mwanzoni mwa Februari 1944 iliondoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa katika msafara KR 8. Ilibeba watu 1,511, wakiwemo wauguzi, mabaharia na Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Karibu na Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga kwa torpedo mbili, ikazama katika muda usiofika dakika 2. Walikufa watu 1,297. Kati ya manusura, wanawake walikuwa 6 tu.

Manowari za Kiingereza Petard na Paladin ziliishambulia nyambizi kwa mabomu ya kina huku manusura wakingali wanaelea majini. Paladin iliharibika, na Petard ikaimaliza I-27 kwa torpedo siku hiyohiyo.

Askari wa Afrika Mashariki waliopotea wanakumbukwa kwenye mnara ulioko katika makaburi ya vita ya Nairobi.