Njia ya Kuwa Daktari wa Meno Kutoka Jinja na Mbale

Husemwa mara nyingi kuwa madaktari wa meno ni wachache mashariki mwa Uganda kwa sababu vijana wetu huogopa sayansi. Mimi niliyezaliwa Mbale sikubali. Katika insha hii nitaonyesha kwamba sababu kubwa ni ya kihistoria.

Makerere ilianzishwa mwaka 1922, na baada ya muda mfupi mafunzo ya utabibu yakaanza katika hospitali ya Mulago. Meno yalisahauliwa. Kwa miongo mingi, aliyetaka shahada ya meno alilazimika kwenda ng'ambo, na watoto wa wakulima wa Bugisu na Busoga wangepata wapi nauli? Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na miji kama Jinja na Mbale ikapoteza wafanyabiashara na wataalamu kwa pamoja. Makerere ilianza kutoa shahada ya meno mwaka 1982, miaka sitini baada ya kuanzishwa.

Pengo hilo lilikuwa na gharama. Mwaka 1969 mtaalamu Mdenmaki, Jens Pindborg, aliandika kuhusu desturi ya kung'oa chonge za watoto wachanga kabla hazijaota. Kwa Kiganda huitwa ebiino, na huaminiwa kuwa ndizo zinazoleta homa na kuhara. Ambako hakuna mtaalamu wa meno wa kuwaelimisha wazazi, mganga mwenye kisu husikilizwa.

Leo njia ni mbili. Ya kwanza ni stashahada ya afisa wa afya ya meno, ambaye ndiye wagonjwa wengi wa wilayani hukutana naye. Ya pili ni shahada: mwanafunzi afaulu Biolojia na Kemia katika kidato cha sita, asome miaka mitano, kisha afanye mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini kabla ya kusajiliwa. Njia zote mbili zilianzia Mulago, kwa hiyo kijana wa kwetu huanza kwa kulipia chumba Kampala.

Chuo Kikuu cha Busitema kilipofungua kitivo cha afya Mbale mwaka 2013, kilianza na udaktari wa jumla, si wa meno. Hata hivyo, kimethibitisha kuwa madaktari wanaweza kufunzwa hapa hapa. Kwa maoni yangu, hatua inayofuata ni meno.