Tangu 1966 tunalipa, lakini bili hatuioni

Wasee, wacha nianze na mathee. Mwaka wa 2022 mgongo ulimsumbua sana, daktari akasema afanyiwe MRI. Mathee huuza mboga, lakini NHIF yake ilikuwa sawa: shilingi 500 kila mwezi, hata ile miezi sukuma inaozea kwa meza. Tukafika dirishani, kijana akabonyeza kompyuta, akatuangalia. "Mama, hapa inaonyesha MRI ya mwaka huu ulishafanyiwa."

Ikafanyiwa wapi? Mathee hajawahi kuingia kwa hiyo mashine maisha yake yote. Alichokumbuka ni kwamba miezi michache kabla alienda kituo kimoja akiwa na homa, akaambiwa aweke sahihi kwa fomu ambayo haikuwa imejazwa. Akaweka. Hata wewe ungeweka.

Pesa ya karo yangu ndiyo ililipa. Sisemi niliacha chuo juu ya MRI pekee, hapo nitakuwa nadanganya. Lakini nilitoka na swali ambalo sijawahi kuliacha: inawezekanaje mtu atumie bima yako na wewe ndiye wa mwisho kujua?

Jibu liko kwa historia, kwa hivyo turudi nyuma kidogo.

NHIF ilianzishwa na sheria ya Bunge mwaka wa 1966, Kenya ikiwa na miaka mitatu tu ya uhuru. Ilikuwa idara ndani ya Wizara ya Afya, na ililenga watu wa mshahara. Mwajiri anakata, anapeleka kwa mfuko. Ukilazwa, hospitali inadai mfuko, mfuko unalipa hospitali. Sasa angalia hiyo safari ya pesa: mwajiri, mfuko, hospitali. Wewe uko wapi? Uko mwanzo, pesa inapotoka, na uko kitandani. Pale bili inapoandikwa, haupo.

Mwaka wa 1972 wasio na ajira rasmi wakaruhusiwa kujiunga kwa hiari. Mwaka wa 1998 sheria mpya ikaitoa NHIF wizarani, ikawa shirika la serikali lenye bodi yake. Michango ikapanda, jengo refu likasimama Upper Hill. Ile safari ya pesa haikuguswa.

Halafu ikafika 2012. Serikali ilianza mpango wa matibabu kwa watumishi wa umma na maafisa wa usalama. Vituo vililipwa kwa kuhesabu vichwa: watu kadhaa wameandikishwa kwako, chukua pesa yao mapema, waje wasije. Mamilioni yakatoka, na kelele zikafika Bungeni, kwa sababu ilidaiwa baadhi ya kliniki zilizolipwa hazikuwepo. Kliniki hewa. Fikiria askari ameandikishwa kwa kliniki isiyo na mlango. Angejuaje, kama hakuna aliyemtumia hata karatasi ya kusema "tumelipa kiasi hiki kwa jina lako"?

2020 ikaja na Korona. Hapa wengi wetu tulikuwa macho. KEMSA, shirika linalonunulia serikali dawa na vifaa, ilinunua barakoa na mavazi ya kujikinga kwa bei za juu, na ukaguzi maalum wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ukakuta mali ya mabilioni ya shilingi imelala kwa maghala. Hii haikuwa bima, sawa, lakini ugonjwa ni uleule: anayelipa haoni bei. Tena kumbuka kilichofanyika bei zilipojulikana. Tarehe 21 Agosti vijana waliingia barabarani Nairobi, wakarushiwa vitoa machozi. Watu walikasirika siku walipoona hesabu.

Juni 2023, NTV ilipeperusha uchunguzi wake juu ya NHIF. Wazee waliahidiwa matibabu ya bure, wakapelekwa hospitali, na kadi zao zikatumika kudai pesa za upasuaji. Susan Nakhumicha, aliyekuwa Waziri wa Afya, akasimamisha hospitali kadhaa. Niliitazama na mathee. Hakusema kitu, alishika tu mgongo wake.

Serikali ikasema dawa ni kubadilisha kila kitu. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi, NHIF ikazikwa. Mwenye mshahara sasa anakatwa asilimia 2.75. Mambo ni ya kidijitali, mambo ni ya alama za vidole. Lakini kufikia Machi 2025, ripoti ya Mkaguzi Mkuu ilisema mfumo huo wa shilingi bilioni 104.8 si mali ya serikali. Na Agosti 2025 Waziri Aden Duale akawa anasimamisha hospitali na kupeleka faili kwa DCI. Makosa yaliyotajwa? Mtu aliyetibiwa akaenda nyumbani anaandikwa amelazwa. Huduma ndogo inaandikwa kubwa. Mgonjwa hewa anadaiwa kama wa kweli. Enyewe, hiyo ni NHIF na jina jipya.

Niwe mkweli: kuna kitu kimeboreka. Kompyuta inaweza kushika madai yanayofanana kwa dakika chache, kazi ambayo makarani wa zamani na mafaili yao hawangeweza. Lakini kompyuta haijui kama mathee alilala hospitalini usiku wa Jumanne. Mathee anajua. Miaka hii yote tumejenga mifumo ya kukamata wezi, na tumemwacha nje shahidi wa kwanza.

Sisi ndio nchi ya M-Pesa, tangu 2007. Ukitumia shosh 50 bob, meseji inaingia kabla hujarudisha simu mfukoni: kiasi, jina, saa. Basi kila dai linalotolewa kwa jina langu lifike kwangu hivyo hivyo kabla hospitali haijalipwa: kituo gani, huduma gani, siku ngapi, pesa ngapi. Na niwe na njia rahisi ya kusema "hii si mimi." Asiye na simu apewe karatasi, asomewe kwa lugha anayoelewa. Hospitali safi hazina cha kuogopa hapo. Zenyewe ndizo huchelewa kulipwa pesa inapoishia kwa wagonjwa hewa.

Kabla hayo yafike, usiweke sahihi kwa fomu tupu. Itisha nakala ya bili hata kama hulipi kitu. Ukiambiwa weka kidole, uliza.

Mathee siku hizi huuliza. Wiki iliyopita nilimsindikiza kliniki, mhudumu akamsogezea kile kimashine cha alama za vidole. Mathee akarudisha mkono kwa leso. "Kwanza niambie, msichana wangu, hapa nakubali nini?"

Foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika. Mhudumu akageuza skrini, akamsomea.