Meli Iliyoivusha Lithuania

Aprili 1990, mwezi mmoja tu baada ya Lithuania kutangaza kurejesha uhuru wake, serikali ya Kisovieti ya Mikhail Gorbachev iliiwekea vikwazo. Mafuta ghafi yakaacha kufika kwenye kiwanda cha kusafishia cha Mažeikiai, gesi ikapunguzwa mno. Mwishoni mwa Juni bunge la Vilnius lilikubali kusitisha kwa muda tangazo hilo, na siku chache baadaye vikwazo vikaondolewa.

Somo lilikuwa chungu, ila kulifanyia kazi kulichukua zaidi ya miaka 20. Muda mwingi katika kipindi hicho, sehemu kubwa ya umeme ilitoka kwenye kinu cha nyuklia cha Ignalina. Desemba 31, 2009 kinu hicho, cha aina ileile ya Chernobyl, kilizimwa kutimiza sharti la kujiunga na Umoja wa Ulaya. Nchi ikazidi kuegemea gesi, na gesi yote iliuzwa na Gazprom ya Urusi, kupitia bomba linalokatiza Belarus. Walithuania wakawa miongoni mwa waliolipa bei ghali zaidi Ulaya.

Njia ya kujinasua ilipatikana baharini. Gesi ikipozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri huwa kimiminika, na ujazo wake hupungua takriban mara 600, hivyo husafirishwa kwa meli bila kuhitaji bomba la jirani. Lithuania ilikodi kwa kampuni ya Höegh ya Norway meli iitwayo Independence, iliyoundwa Korea Kusini, yenye urefu wa mita 294. Ilitia nanga katika bandari ya Klaipėda, Lithuania, Oktoba 27, 2014. Kazi yake ni kupokea kimiminika hicho, kukipasha joto kirudi kuwa gesi, kisha kuisukuma gesi hiyo kwenye mabomba ya nchi kavu. Kabla hata haijafika, Gazprom ilikuwa imeshapunguza bei kwa zaidi ya asilimia 20.

Wengi walilalamikia gharama za meli hiyo. Kisha, Februari 2022, Urusi ikaivamia Ukraine. Ujerumani, iliyokuwa haina hata kituo kimoja cha kupokelea gesi ya kimiminika, ikahaha kutafuta meli za namna hiyo. Aprili mwaka huohuo, Lithuania ilitangaza kwamba imeacha kabisa kununua gesi ya Urusi.

Meli haikuikinga nchi hiyo dhidi ya bei za soko la dunia, zilizopaa mwaka huo. Lakini bei kupanda ni jambo moja, kufungiwa bomba ni jingine. Nchi inayoagiza nishati haina budi kugharamia njia ya pili mapema, wakati ambapo wengi bado hawaoni haja yake.