Maboma Mawili ya Alesia
Mlima ulio mbele yako ni Auxois. Mwaka 52 KK, kiongozi Vercingetorix na jeshi lake la Wagauli walijifungia katika mji wa Alesia, kileleni. Jemadari wa Kirumi Julius Caesar aliona hawezi kuuteka kwa kuushambulia, akawashikisha askari wake majembe na mashoka.

Waliuzingira mlima wote kwa boma la udongo na miti, kilomita 15 hivi, lenye minara kila baada ya mita 24. Kisha wakajenga la pili, kilomita 21, likitazama nje, kulizuia jeshi la Wagauli la msaada. Mbele yake walichimba mahandaki na mashimo yaliyofunikwa matawi, ndani ya kila shimo kigingi kinene kilichochongwa na kukomazwa kwa moto. Askari waliyaita mashimo hayo mayungiyungi, kwa umbo lake.

Wanawake, watoto na wazee wa mji walitolewa nje ili chakula kiwatoshe wapiganaji. Caesar akawanyima njia, wakabaki katikati ya mji na boma. Ujenzi huu usisifiwe bila kuwakumbuka.

Mahandaki yalifukuliwa kati ya 1861 na 1865 kwa amri ya Napoleon III. Tafadhali usitoke nje ya njia: mengine bado yako chini ya nyasi hizi.