ADN kisha hukumu: namna ya kupinga jibu la "hapana" huko Texas

Huko Marekani, mutu mwenye amekwisha kuhukumiwa anaweza kuomba vitu vilivyookotwa mahali pa kosa vipimwe ADN, hata kama miaka imepita. Kirk Bloodsworth wa jimbo la Maryland alikatiwa hukumu ya kifo mwaka 1985. Vipimo vya ADN vilimutoa gerezani mwaka 1993. Leo majimbo yote 50 yana sheria juu ya maombi hayo.

Lakini kuomba si kupewa. Mwaka 2009, katika kesi ya Osborne iliyotoka Alaska, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema Katiba yenyewe haimupi mufungwa haki ya kupimiwa ADN. Kila jimbo linaweka masharti yake. Texas ni mufano muzuri.

Jaji anakatala juu ya nini?

Ombi linapelekwa kwa tribinali ile ile iliyotoa hukumu. Jaji anauliza: kitu kingali kipo na kinaweza kupimwa? Kilitunzwa bila kubadilishwa? Swali la "nani alifanya" liko ndani ya kesi? Kama matokeo yangemutetea muhukumiwa, je, angehukumiwa? Sharti moja likikosa, ombi linaanguka. Hata aliyekubali kosa anaweza kuomba, na maskini anaweza kupewa avoka kama jaji anaona ombi lina musingi.

Kukata rufaa

Kwa kawaida, taarifa ya rufaa inawekwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Inaenda kwa mahakama ya rufaa. Kwa mwenye hukumu ya kifo, inaenda moja kwa moja kwa mahakama ya juu ya jinai ya Texas.

Hapo kusema tu "sina kosa" hakutoshi. Rufaa inajibu sababu ile jaji aliyotoa. Kama alisema kitu kilichafuka, avoka anaonyesha ndani ya karatasi za kesi nani alikishika na namna kilivyotunzwa.

Mulango wa pili

Rufaa ikishindwa, kungali njia. Tangu kesi ya Hank Skinner, mwaka 2011, mufungwa anaweza kwenda kwa tribinali ya serikali kuu na kushitaki kwamba sheria ya jimbo, namna inavyotumiwa, haimutendei haki.

Rodney Reed, aliyehukumiwa kifo mwaka 1998, aliomba mukaba unaosemekana ulitumiwa kumunyonga marehemu upimwe. Texas ilikatala. Alipopita mulango huo wa pili, aliambiwa amechelewa. Mwaka 2023, Mahakama Kuu ilimupa haki: miaka 2 ya kushitaki inahesabiwa kisha mahakama ya juu ya Texas kumaliza kabisa shauri la ADN, si tangu jaji wa kwanza aliposema hapana.

Ruben Gutierrez naye, mwaka 2024, alibakiza dakika kama 20 auawe wakati Mahakama Kuu iliposimamisha. Mwaka 2025 ikaamua kwamba ana haki ya kushitaki, hata kama mwendesha mashitaka anasema hatatoa vitu hivyo.

Kupimiwa si kuachiliwa. Vitu vya Skinner vilipimwa mwishoni, lakini mwaka 2014 jaji alisema matokeo hayangebadilisha hukumu.

Kwa familia za Mashariki zenye ndugu huko, mambo mawili hayangoji: kuandika tarehe ya kila uamuzi, na kumuomba avoka ahakikishe kwa maandishi kwamba vitu vya kesi havitupwi. Kitu kikitupwa, hakuna rufaa itakayokirudisha.