Makundi Yasiyo na Mipaka

Ewe msomaji, nenda Ndhiwa siku ya soko, usimame mahali palipoinuka, utazame chini. Hapana aliyechora mipaka ardhini, lakini macho yako yatatambua makundi upesi. Hawa wamewazunguka wauza samaki. Wale wamejipanga kwa mstari uliopinda kandokando ya barabara. Na wachache wanatembea peke yao. Umeyajuaje makundi hayo? Umeyajua kwa msongamano. Njia hii nyepesi ina historia, na ukurasa wake mmoja uliandikwa huku kwetu.

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa makabila mengi. Alitafuta alama ya selimundu, yaani hali ya chembe nyekundu za damu kupinda mfano wa mundu. Alipolinganisha mahali na mahali, alistaajabu. Karibu na pwani na karibu na Ziwa Victoria aliona makabila ambayo watu zaidi ya 20 katika kila 100 walikuwa na alama hiyo. Katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja. Alama ilikuwa imesongamana palepale palipo na malaria nyingi. Mwaka 1954 akaeleza sababu yake: mtoto anayeirithi kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani ya malaria, lakini anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Yamkini unamfahamu mwanafunzi mwenzako anayeteswa na maumivu hayo.

Wakati huohuo wataalamu walichungulia ndani ya chembe yenyewe. Mwaka 1956 Vernon Ingram alionyesha kwamba ugonjwa huu hutokana na badiliko dogo mno katika himoglobini, protini ichukuayo hewa katika damu. Badiliko hilo huzifanya molekuli zigandamane na kuwa nyuzi ndefu, na nyuzi hizo ndizo zipindazo chembe.

Lakini molekuli haitulii. Hutikisika na kujikunja bila kukoma. Basi wataalamu walijaribu kuiga mwendo wake kwa hesabu. Mwaka 1957 Berni Alder na Thomas Wainwright, huko Marekani, walitumia kompyuta kufuata mwendo wa vitufe vinavyogongana. Mwaka 1977 McCammon, Gelin na Karplus waliiga mwendo wa protini nzima. Mwaka 2013 Karplus alipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia pamoja na Arieh Warshel na Michael Levitt, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini.

Ndipo ilipozuka shida mpya. Kompyuta hutoa picha maelfu kwa maelfu za molekuli moja, wala hapana mtu awezaye kuzitazama zote. Ni zipi zinazofanana? Mwaka 1996, huko München, Ujerumani, Ester, Kriegel, Sander na Xu walitunga njia iitwayo DBSCAN. Kila picha huwa kama mtu sokoni. Huulizwa: katika umbali huu, una majirani wangapi? Wenye majirani wa kutosha huunganishwa, jirani kwa jirani, hata kundi likiwa refu na lenye kupinda. Wapweke huachwa nje. Mwaka 2010 Keller, Daura na van Gunsteren waliandika juu ya njia kama hiyo kwa ajili ya molekuli: picha mbili huunganishwa zikiwa na majirani wa kutosha wa pamoja. Kila kundi huonyesha umbo ambalo molekuli hupenda kukaa nalo, na kulijua umbo hilo huweza kusaidia kutunga dawa ya kuizuia.

Hata hivyo, kumbuka neno moja. Kompyuta haijui umbali unaofaa. Ukiuweka mkubwa, soko lote litakuwa kundi moja. Ukiuweka mdogo, kila mtu atakuwa mgeni. Uamuzi huo ni wa binadamu, naye hana budi kukijua kitu anachokihesabu. Allison aliyajua maziwa, milima na mbu wa nchi hii. Ndiyo maana hesabu zake zilisema kweli. Nawe, usomapo hesabu na kemia, usiache kuijua nchi yako.